Kasi na Mahadhi katika Muziki wa Hüsker Dü

Kundi la waimbaji linapobadili sauti yake, aghalabu hushtakiwa kabla ya kusikilizwa, na mashtaka huwa mawili: kwamba limechoka, au kwamba limenunuliwa. Yote mawili yalielekezwa kwa Hüsker Dü, bendi ya vijana watatu wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1979 na kuvunjika mwanzoni mwa mwaka 1988. Katika muda huo usiotimia miaka tisa bendi hii ilitoka katika muziki wa kasi na kelele usiomwachia msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi, ikafika katika nyimbo ambazo mtu aweza kuziimba peke yake njiani. Wako waielezao safari hiyo kuwa ni ya kushuka. Wako pia waielezao kuwa ni ya kukua, kana kwamba kelele ni utoto na mahadhi ni utu uzima. Maelezo haya hupingana, walakini yana upungufu mmoja: yote hudhani kwamba mahadhi yalikuja baadaye, kutoka nje, yakamkuta mwenye nyumba amelala.

Yafaa kwanza kueleza muziki wenyewe ulivyokuwa. Panki iliyovuma New York na London mnamo mwaka 1976 na 1977 ilizaa huko Marekani, yapata mwaka 1980, tawi kali zaidi lililoitwa hadikoo. Black Flag ya California na Minor Threat ya Washington ndizo zilizokuwa vielelezo vyake. Wimbo wa hadikoo kwa kawaida haukuzidi dakika mbili, na nyingi hazikutimiza hata moja. Ngoma zilipigwa kwa haraka kadiri mikono ilivyoweza. Gitaa lilipitishwa katika kisanduku cha umeme kinachokwaruza sauti. Mwimbaji hakuimba, alifoka. Walioambiwa maneno hayo walikuwa wengine daima: polisi, wazazi, walimu, serikali ya Rais Reagan. Muziki huu ulikuwa na adabu yake, tena adabu kali kuliko watu wengi wadhanivyo. Kujionyesha kwa gitaa kulikatazwa, mapenzi yalidharauliwa, na urefu ulihesabiwa kuwa kosa. Ulikuwa na uchumi wake pia, kwa kuwa santuri zilitolewa na kampuni ndogo za wanamuziki wenyewe, kama SST ya Greg Ginn wa Black Flag, na bendi zilisafiri katika gari moja bovu zikilala sakafuni kwa wenyeji.

Hüsker Dü waliifuata adabu hiyo mpaka ukingoni. Tarehe 15 Agosti 1981, katika ukumbi mdogo wa 7th Street Entry mjini Minneapolis, walinasa onyesho lililotolewa mwaka 1982 kwa jina la Land Speed Record, yaani rekodi ya mwendo wa nchi kavu. Zimo nyimbo 17 katika muda usiotimia dakika 27. Nyimbo zafuatana bila pengo, na asikiaye kwa mara ya kwanza hawezi kujua upi umekwisha na upi umeanza. Bob Mould apiga gitaa na kuimba, Grant Hart apiga ngoma na kuimba, Greg Norton apiga besi. Ni santuri ya kuheshimiwa zaidi kuliko ya kupendwa. Lakini liko jambo moja ndani yake ambalo lastahili kuangaliwa, kwa sababu hatima ya bendi imefungwa humo: wimbo hauna mwenyewe. Wote watatu walitunga, Norton naye ana nyimbo zake, walakini mtu asiyesoma jalada hawezi kubainisha ya nani ni ipi. Kasi imewasaga watu watatu wakawa unga mmoja.

Aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili ana kipimo kizuri cha kuupimia muziki huu. Yeye ajua kwamba kibwagizo hukumbukwa kwa sababu hurudi, na hurudi kwa sababu mtungaji ametenga mahali pa kukipokea. Wimbo wa sekunde hamsini hauna mahali hapo. Waweza kulaani, kuonya, hata kuchekesha. Hauwezi kusimulia kisa wala kuonyesha majuto, maana majuto yahitaji wakati wa kutazama nyuma. Basi msanii wa hadikoo aliyekuwa na hasira tu hakupungukiwa na kitu. Aliyekuwa na kitu kingine moyoni, hofu mathalan, au aibu, au kumbukumbu ya mtu, alikuwa amevaa nguo isiyomwenea. Na hapa jina la bendi lachekesha kidogo. Limetolewa katika mchezo mmoja wa ubaoni wa kupima kumbukumbu, na kwa Kidenishi maana yake ni "je, wakumbuka?" Vijana walilichagua kwa mzaha, wakalitia nukta mbili mbili juu ya irabu ambazo Kidenishi hakizijui. Hata hivyo, kwa miaka miwili bendi iliyouliza watu kama wanakumbuka ilipiga muziki usiokumbukika.

Dalili za kubadilika zilionekana mwaka 1983. Katika santuri fupi iitwayo Metal Circus, yenye nyimbo saba, Hart ana wimbo wa polepole uitwao Diane, uliotokana na mauaji ya kweli ya mwanamke kijana huko Minnesota. Msimulizi ni muuaji mwenyewe. Kiitikio ni jina la marehemu tu, likirudiwa kwa sauti tamu inayopanda. Bendi ya kawaida ya hadikoo ingalilifanyia kisa hiki hotuba: ingalimtukana muuaji, na msikilizaji angaliondoka akijiona mwema. Hart amwachia muuaji utamu wa sauti, na msikilizaji ajikuta anauimba wimbo ule kabla hajatambua anaimba maneno ya nani. Kuna watu waliochukizwa, na chuki yao si ya kupuuzwa, maana kumpamba muuaji kwa sauti nzuri ni jambo la hatari. Lakini chuki hiyo yenyewe yashuhudia kwamba mahadhi yalifanya kazi ambayo kufoka hakukuiweza. Aliyesema kwamba bendi ilianza kuimba ili ipendeze, hakuusikiliza wimbo huu.

Mwaka 1984 ulileta santuri ndogo ambayo yaweza kuitwa ufunguo wa mambo yote. Ni wimbo wa Eight Miles High, ambao The Byrds walikuwa wameutoa mwaka 1966. Mould alikulia Malone, mji mdogo wa kaskazini ya New York, na tangu utotoni alikusanya santuri za miaka ya sitini ambazo baba yake alimnunulia kwa senti moja moja, zilizokwisha tumika katika mashine za muziki za mikahawani. Kwa hiyo mahadhi ya zama zile hayakuwa kwake elimu ya kujifunza ukubwani. Yalikuwa maziwa aliyonyonya. Wimbo wenyewe ulijulikana na Wamarekani wengi wa rika lake. Basi msikilizaji alipokabiliwa na gitaa lile linalokwaruza hakupotea. Mahadhi yalikuwa tayari kichwani mwake, naye akayatafuta chini ya kelele kama mtu atafutaye pete iliyoanguka katika maji ya mto. Mould aanza kwa maneno. Kisha maneno yamvunjikia kinywani, yakawa mayowe matupu. Na mayowe yale bado yafuata njia ya wimbo. Aliyekwisha pata somo hilo huzirudia nyimbo za bendi yenyewe kwa sikio jingine, akayakuta mahadhi mahali alipodhani hapana kitu. Bendi ilimfundisha msikilizaji wake kusikiliza kabla ya kumbadilishia muziki, na hilo ni jambo la uungwana ambalo wasanii wachache hulifikiria.

Tofauti yaonekana kwa Bad Religion wa Los Angeles. Mwaka 1983 bendi hiyo, iliyokuwa ya hadikoo, ilitoa ghafla santuri iitwayo Into the Unknown, iliyojaa vinanda vya umeme na nyimbo ndefu za mtindo uliokuwa umepita. Wapenzi wake waliikataa, na bendi ilitawanyika kwa muda. Iliporejea kwa nguvu mwaka 1988 na santuri ya Suffer, ilirudi na kasi ileile ya zamani, na sauti kadhaa zikiimba kwa pamoja juu yake. Yaani ilipofanikiwa ilifanya kama walivyofanya Hüsker Dü: iliacha kelele mahali pake na kuyatafuta mahadhi humo humo.

Zen Arcade ilinaswa California mwezi wa Oktoba 1983, fundi wake akiwa mtu aitwaye Spot, ikatolewa Julai 1984. Ni santuri mbili katika jalada moja, nyimbo 23, dakika 70. Karibu nyimbo zote zilinaswa kwa jaribio la kwanza, na gharama yote ilikuwa dola 3,200. Habari hizi za gharama husimuliwa sana na mashabiki kama hadithi ya ushujaa. Faida yake kwa mhakiki ni kwamba zaeleza kwa nini santuri hii yasikika kama jambo linalotendeka mbele ya mtu, pamoja na makosa yake yote. Kisa chake ni cha kijana akimbiaye nyumba ya ugomvi, akaukuta ulimwengu wa nje una ukatili wa namna nyingine. Kisa hakifuatwi vizuri. Katikati chapotea kabisa, na wimbo wa mwisho, usio na maneno, wenda dakika kumi na nne kwa namna ambayo hata mpenzi wa bendi hulazimika kuivumilia. Lakini kisa kiliwapa vijana hawa ruhusa waliyoihitaji. Kijana wa hadithi aweza kuogopa. Aweza kumlilia rafiki aliyekufa kwa madawa ya kulevya, kama ilivyo katika Pink Turns to Blue ya Hart, ambao ni wimbo wa maombolezo wenye mahadhi mazuri kuliko yote yaliyotangulia. Hasira ya hadikoo ilisemwa na "sisi" na kuelekezwa kwa "ninyi"; hapa paliingia "mimi" na "wewe".

Kuna wimbo mmoja humo ambao watetezi wa kelele hawana jibu lake. Waitwa Never Talking to You Again, nao ni wa Hart. Hauna ngoma wala kisanduku cha umeme. Ni gitaa kavu na sauti za watu. Hautimizi dakika mbili, kwa hiyo kwa urefu ni wa hadikoo kamili. Na kwa ukali pia, kwa maana ni kauli ya mtu anayekata uhusiano bila kupaza sauti, na kila mtu ajuaye ugomvi wa nyumbani ajua kwamba aachaye kupaza sauti ndiye wa kuogopwa. Mara baada yake yaja nyimbo ambamo Mould afoka kwa nguvu kuliko alivyofoka mwaka 1981. Mpangilio huu wafaa kutazamwa kwa makini. Wimbo mpole waufanya wimbo mkali usikike kuwa ni hali ya moyo, si desturi ya chama. Na wimbo mkali waulinda ule mpole usionekane kuwa pambo. Minutemen wa San Pedro, waliposikia kwamba wenzao wanatoa santuri mbili, waliongeza nyimbo mpaka nao wakapata mbili, na kazi zote zikatoka mwezi uleule. Kwa hiyo adabu ya zamani ya ufupi ilivunjwa na watu wa ndani, katika kampuni ya SST yenyewe. Hapana mgeni aliyewashika mkono.

Mwaka 1985 bendi ilitoa santuri mbili, New Day Rising mwezi wa Januari na Flip Your Wig mwezi wa Septemba, na hapana shaka kwamba hapo ndipo ilipofika juu. Ufundi wa gitaa la Mould wahitaji maelezo. Apigapo, huziacha nyuzi nyingine zilie bila kubanwa, na kisanduku cha kukwaruza huzikuza zikawa kama mlio wa nyuki juu ya wimbo wote. Mlio huo ndio watu waliouita kelele. Lakini ukisikilizwa vizuri ni sauti kadhaa zinazopatana, nao wafanya kazi ambayo katika muziki wa kanisani hufanywa na waitikiaji. Mwimbaji mmoja aimbapo mahadhi mepesi chini yake, masikio hupata wimbo wenye waimbaji wengi. Katika New Day Rising mlio huu umepanda mno, na besi ya Norton yasikika kwa shida. Ni kosa la unasaji, ingawa wapenzi wengine wamelizoea wakaliita uzuri. Flip Your Wig ilisimamiwa na Mould na Hart wenyewe, na mizani yake ni bora. Humo kasi haijafa. Bado nyimbo ni fupi, bado ngoma za Hart zakimbia mbele ya gitaa kama mtoto atanguliaye wazazi, lakini kila kibwagizo kimewekewa mahali pake, na kikifika mtu ahisi kwamba alikuwa akikingoja.

Shtaka la kununuliwa laanguka hapo hapo. Warner Bros., kampuni kubwa ya santuri, ilikwisha kuwataka kabla ya Flip Your Wig kutoka, nao wakaamua kuwapa SST kazi hiyo, iliyo na mahadhi mengi kuliko zote zilizotangulia. Hata walipoingia Warner walibaki na mamlaka juu ya muziki wao. Candy Apple Grey ya mwaka 1986 na Warehouse: Songs and Stories ya mwaka 1987 hazikuingia katika mia ya kwanza ya orodha ya Billboard. Kama hiyo ilikuwa biashara, ilikuwa biashara mbaya.

Shtaka la kuchoka ndilo lenye uzito, ijapokuwa kwa sababu tofauti na zile zilizotolewa. Candy Apple Grey ina nyimbo mbili za Mould za gitaa kavu, Too Far Down na Hardly Getting Over It, zenye huzuni ya kweli. Huyu ni mtu wa miaka ishirini na mitano akitazama vifo vya wazee na giza la nafsi yake bila kujificha. Lakini katika nyimbo nyingine za santuri hiyo mahadhi hayana mpinzani. Hapo zamani yalilazimika kupigana ili yasikike, na nguvu yake ilitokana na mapambano hayo. Sasa njia imefagiliwa, nayo yapita kwa urahisi wa mtu aliyealikwa. Ngoma zanaswa kwa mbali, gitaa limepigwa randa. Kitu kilichopotea hakikuwa kasi peke yake.

Yumo pia, katika Warehouse, uthibitisho wa jambo lililotajwa juu ya onyesho la 1981. Nyimbo ni 20: Mould ana 11, Hart ana 9, Norton hana hata mmoja. Mayowe ya kundi ni mali ya kundi. Mahadhi yana mwenyewe, na mwenyewe ana jina, na jina huhesabiwa. Kadiri nyimbo zilivyozidi kuimbika ndivyo ilivyozidi kuwa dhahiri kwamba watungaji ni wawili, kila mmoja na sauti yake: Mould mzito, mwenye kujishtaki, apendaye kurudia neno moja mpaka liume, Hart mwepesi, mwenye ucheshi na wanawake wa ajabu ajabu katika nyimbo zake. Santuri yenyewe imepangwa kama baraza ambamo wazungumzaji hupokezana zamu, na mara nyingine yule wa pili haonekani kuwa amemsikiliza wa kwanza. Ziko sababu nyingine za kuvunjika kwao, tena nzito zaidi. Meneja wao kijana alijiua mwaka 1987, na Hart alikuwa katika mateso ya madawa ya kulevya. Walakini mtu azisikilizaye kazi zao kwa utaratibu wa miaka ausikia utengano ule mapema, nao waingia kwa mlango uleule ulioingiza uzuri. Hiyo ndiyo gharama ya mabadiliko haya, na mhakiki anayeyasifu bila kuitaja amefanya hesabu ya upande mmoja.

Je, gharama hiyo ilistahili kulipwa? Kipimo kimoja ni watu waliokuja nyuma. Mwaka 1986 vijana wa Boston waliotaka kuunda bendi walitangaza kwamba watafuta mpiga besi apendaye kwa pamoja Hüsker Dü na Peter, Paul and Mary, waimbaji wapole wa nyimbo za kienyeji. Bendi hiyo ikawa Pixies. Tangazo lilikuwa nusu ya utani, lakini miaka mitano kabla yake lisingalieleweka hata kwa utani. Nirvana walipoushangaza ulimwengu mwaka 1991, mpiga besi wao, Krist Novoselic, alikiri hadharani kwamba Hüsker Dü walikwisha yafanya hayo kabla yao. Mould mwenyewe alianza upya kwa gitaa kavu katika Workbook ya mwaka 1989, kisha mwaka 1992 akiwa na bendi ya Sugar akatoa Copper Blue, ambayo iliuzwa kuliko santuri yoyote ya bendi yake ya kwanza. Ni kazi safi sana. Mtu aliyezoea Flip Your Wig huikosa ndani yake ile hatari ya ngoma za Hart kutaka kuupindua wimbo.

Grant Hart alifariki mwezi wa Septemba 2017. Miezi miwili baadaye kampuni ya Numero Group ya Chicago ilitoa Savage Young Dü, mkusanyiko wa nyimbo 69 za miaka ya mwanzo, nyingi ambazo hazikuwa zimepata kusikiwa na umma. Mkusanyiko huo wabadili mpango wa hadithi yote, kwa sababu waonyesha kwamba kasi haikuwa mwanzo. Santuri yao ndogo ya kwanza, Statues, iliyotolewa mwaka 1981, ilikwisha julikana kuwa ni wimbo wa polepole unaojikokota. Kasi kuu ilikuja katika miezi michache ya mwaka huohuo, bendi ilipozunguka magharibi mpaka Kanada na San Francisco na kushindana na bendi za huko, kisha ikarudi nyumbani kunasa lile onyesho la tarehe 15 Agosti. Kabla ya hapo, katika kanda za mwaka 1979, wapo vijana watatu wakipiga panki nyepesi yenye viitikio, kwa mwendo ambao mtu aweza kuufuata kwa kupiga makofi. Mojawapo ya nyimbo hizo ni jina la bendi lililogeuzwa Kiingereza, Do You Remember?, nao waimbika tangu mara ya kwanza kusikiwa.